Simu Niliyompigia Nassor

Iko Jumatatu moja, mjukuu wangu, kila nikiikumbuka uso unanichoma. Sikuwa msichana tena, nilishakuwa na wajukuu, lakini nililolifanya siku ile lilitoka kwenye ujana wangu. Na kwa kuwa Jumapili, wiki ya kazi ikifunguka, unaanza kazi kwa Shamsa, bora ulisikie kwangu mie kabla hujalisikia kwa watu.

Shamsa ni mwanangu wa mwisho. Ofisi yake unaijua, vyumba viwili pale Ghubra, juu ya duka la mapazia. Wanaokwenda kwake ni watu walioomba mkopo benki wakaambiwa majina yao mabaya, kuna deni wameliacha, na wao wanaapa hawadaiwi. Shamsa huchukua rikodi ya madeni ya mtu, akaipitia mstari kwa mstari, akatafuta kosa limeingilia wapi, kisha akaandika pingamizi mpaka kosa litolewe. Mimi nilikuwa nakwenda na birika langu la kahawa, nakaa karibu na mlango. Skuli nilisoma miaka minne tu, hesabu zao sizijui, lakini majina hayanipotei. Mtu akiingia namuuliza mama yake nani, bibi yake nani. Akifika kwenye kiti cha Shamsa, mie nishajua kazaliwa nyumba gani.

Basi siku hiyo akaingia Asila, fundi wa mabuibui, binti wa Mbarak wa Sidab. Miaka ya nyuma alinunua cherehani mbili kwenye kampuni moja, kwa kulipa kila mwezi, akamaliza. Sasa kapata duka la kukodi, mwenye duka kampa mpaka mwisho wa mwezi, na benki inakataa kumkopesha kwa sababu rikodi inasema malipo ya mwisho hakuyatoa. Risiti zake zilikwenda na maji, mvua kubwa ilipomwingilia nyumbani.

"Nimelipa, Bi Shamsa. Wallahi nimelipa kwa mkono wangu huu."

"Mimi nnakuamini," Shamsa akamwambia. "Lakini huko hawatoniuliza nnaamini nini."

Akaandika pingamizi, akamwambia asubiri.

Kusubiri kukanishinda mimi, si Asila. Ujue, tulipovuka bahari kuja hapa kutoka Unguja nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, na sikumbuki karatasi hata moja tuliyoipata bila ya kumjua mtu. Kitambulisho, nyumba, kazi ya marehemu babu yako, yote yalikwenda kwa "mimi binti wa fulani, mama yangu na mama yako walikaa mtaa mmoja." Hivyo ndivyo nilivyojifunza dunia. Nikakumbuka kwamba kwenye kampuni ile ya cherehani yuko Nassor, mtoto wa Zamzam binti Hamed. Nikaingia chumba cha pili nikampigia simu.

"Nassor, kuna mwanamke wa watu anateseka. Hilo deni lifute."

"Bi Zuwena, kufuta si rahisi hivyo."

"Nilikukogesha mie siku uliyozaliwa, ukanikojolea hadi kwenye mkono wa kanzu. Nilikwambia si rahisi?"

Akacheka. "Haya, khalas. Ntaona la kufanya."

Siku ya tatu Asila yupo, Shamsa akafungua rikodi mpya. Akanigeukia.

"Mama, umempigia nani?"

Nikamweleza kwa furaha, nangoja nishukuriwe.

"Wameandika deni limesamehewa," Shamsa akasema. "Mama, anayesamehewa ni mwenye deni. Juzi kosa lilikuwa la kampuni. Leo ni Asila aliyeshindwa kulipa, akahurumiwa, na hilo litakaa hapo miaka. Nani atamkopesha?"

Asila hakupaza sauti. Alinitazama tu. "Bi Zuwena, mimi sikuja kuomba sadaka."

Nikakiweka kikombe chini.

Sasa sikiliza nilichokiona kwa macho yangu. Shamsa hakunigombeza zaidi. Alivuta kiti akakaa mbele ya Asila, akaanza upya, na safari hii hakuuliza kabisa habari ya pesa.

"Siku ya mwisho kwenda kule, ulikwenda na nani?"

"Na mwanangu mdogo."

"Alikuwa mtulivu?"

"Mtulivu wapi! Kalia mpaka watu wakatupisha mbele. Tulitoka kumdunga sindano ya chanjo, paja limemvimba."

"Ulisimama dirisha gani?"

"La mwisho, chini ya feni. Yule keshia akampa kalamu achezee."

Shamsa akaacha kuandika. "Kadi ya chanjo ya mtoto iko wapi?"

Ilikuwa juu ya kabati, maji hayakuifikia. Na kadi ile ilikuwa na tarehe. Shamsa akaiandikia kampuni watafute karatasi za siku moja tu, za dirisha moja tu. Wakaipata nakala ya risiti yake. Pesa kamili, saini ya Asila, na nambari ya mteja aliyoiandika keshia ni ya mtu mwengine kabisa, labda mkono mmoja unaandika na mwengine unamtuliza mtoto wa watu.

Mwanangu, hebu fikiri. Mtoto kalia siku moja, miaka imepita, mama yake mwenyewe kashasahau, na binti yangu kakifuata kile kilio mpaka kikamfikisha kwenye karatasi. Mimi nnayejidai nawajua watu wote wa mji huu sikujua kama njia ile ipo. Nilisema Subhanallah, nikabaki nimekaa na kahawa inapoa.

Ilichukua wiki nyingi. Duka akapewa muuza juisi, na hilo ni juu yangu. Nassor naye aliitwa na wakubwa wake akajieleze. Lakini rikodi ikasahihishwa, na Asila akaja na barua. Nikamwomba anisomee. Akasoma jina lake, la baba yake, la babu yake, kisha akasoma kwamba malipo yote yalitolewa kwa wakati. Akarudia tena bila ya kuombwa.

Nikamwomba msamaha.

"Nimekusamehe, Bi Zuwena," akasema. "Lakini wewe ulikuwa unadaiwa kweli."

Tukacheka hadi Shamsa akatoka chumbani. Leo Asila anashona kule Ansab, ana wasichana wawili anaowafundisha.

Basi mwanangu, mtu akikujia na jina lililochafuka, usimhurumie mbio mbio kama nilivyofanya mie. Mwenye haki usimwombee hisani, mtafutie haki yake. Msikilize mpaka yale anayodhani hayana maana. Na jamaa wakikupigia wakitaka uwapitishie mambo pembeni, mimi nikiwemo, tukatalie kwa adabu, tutanuna kisha tutanyamaza.

Mungu akupe subira ya kuusoma mstari wa mwisho kama ulivyousoma wa kwanza. Akulindie jina lako midomoni mwa watu na kwenye karatasi zao. Kila atakayeingia pale ameinamisha uso, Mungu akujaalie umtoe kauinua. Radhi zangu unazo zote.