Kisanduku cha Kumeza Sauti

Amplifaya za zamani za gitaa, zile za valvu, vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, zina kiburi chao: hazisemi vizuri mpaka uzifungulie zote. Ukizipunguza zinakoroma kama mtu mwenye mafua. Ukizifungulia mpaka mwisho na valvu zikapata moto, hapo gitaa linalia kweli, na hapo hapo majirani wanaanza kubisha hodi. Yetu ilikuwa ya namna hiyo. Iliachwa kwenye ukumbi wa dansi huko Mocímboa Wareno walipoondoka, ikapita mikono mingi, mwisho ikafika Palma kwa jirani yangu, mzee aliyenifundisha gitaa.

Nasema yetu, lakini ilikuwa yake. Ilikaa kwenye kibanda changu cha kutengeneza redio kwa sababu ya ndugu zake. Hao walikuwa watu wa Quiterajo, washika dini hasa, na kwao gitaa na pombe vilikuwa kapu moja. Kila wakija kumtembelea walikuwa wanatupa macho kwenye pembe za nyumba kama askari wa forodha. Basi mzee akahamishia vyombo vyake kwangu, upande wa pili wa ua wa makuti, na kila akitoka kuswali alasiri alikuwa anakuja kupiga. Mkewe alibaki jikoni kwake akisikiliza kutoka huko. Mimi nilikuwa namwita mama, naye ananiita mwanangu, na hakuwa analitamka neno hilo kwa adabu tu. Mara ngapi nimekula kwake kabla ya kula kwangu, siwezi kusema.

Umeme pia waliupata kwangu. Waya ulitoka kwenye mita yangu ukaingia kibandani, na kutoka kibandani nikauvusha juu ya ua mpaka kwao, ukawasha taa moja ya chumba cha kati, taa ya kizamani yenye mwanga wa njano. Waya wenyewe ulikuwa mwembamba na wa kuungaunga. Naona haya kuusimulia, maana fundi ni mimi mwenyewe.

Miaka hiyo ndiyo gesi ilikuwa imegunduliwa baharini na mji umejaa wageni. Helikopta zilipita juu ya mapaa, nyumba za wageni zikaota kila palipokuwa na kiwanja, na hata wauza mihogo wa kijiji cha Mute wakajua kutaja bei kwa Kiingereza. Katikati ya heka heka hizo mzee akaanza kuugua kifua. Kelele ya amplifaya ilikuwa inampiga mbavuni, anakohoa, analaza gitaa chini. Nikamwambia tupunguze sauti. Akanijibu kwamba gitaa likoromalo halina maana, afadhali akalale.

Aliyetuokoa ni fundi umeme mmoja Mreno wa kambi ya wageni. Alikuwa mpenzi wa gitaa, akija kwangu kutafuta vipuri na kupiga soga. Mkataba wake ulipokwisha aliniachia vitu viwili: kisanduku kizito cha chuma chenye matundu, na amplifaya ndogo ya kisasa.

Amplifaya ya valvu huwezi kuipiga bila spika. Nguvu yake lazima ipate pa kwenda. Ikikosa, inaunguza transfoma, na transfoma ya namna ile usingeipata mkoa mzima wa Cabo Delgado. Kisanduku kile kinakaa mahali pa spika. Amplifaya inadhani inasukuma spika, kumbe inasukuma kisanduku, nacho kinaimeza nguvu yote na kuigeuza joto, mpaka ukikishika ni kama umeshika pasi. Pembeni kinatoa sauti kidogo tu, unaipeleka kwenye amplifaya ndogo, na hiyo ndiyo unayoiamuru ipige kelele au inong'one. Mzee akafungulia kila kitu mpaka mwisho, valvu zikawaka, gitaa likalia kilio chake kile kile, lakini kwa sauti ya kumbembeleza mtoto. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hii mashine ya wezi," akasema.

Tangu siku hiyo alipiga hivyo hivyo, kimya kimya, mpaka alipozidiwa. Kila jioni alimalizia na wimbo mmoja aliotunga mwenyewe, hauna maneno. Katikati yake kulikuwa na mahali alipokuwa analaza kiganja juu ya nyuzi, panakuwa kimya, kisha anarudi. Nilidhani anapumzisha kifua. Sikumuuliza.

Alikufa alfajiri, nyumbani kwake. Kabla ndugu hawajafika kutoka Quiterajo, mama aliniita. Alikuwa ameshakaa kwenye mkeka wake wa eda, nami nikasimama nje ya pazia.

"Mwanangu," akasema, "baba yako wamemsema maisha yake yote. Siku hizi za matanga sitaki atajwe kwa gitaa. Nataka asomewe kama Mwislamu mwenzao, wakirudi kwao warudi hawana neno. Nisaidie hilo tu."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nipo. Niliyatamka maneno hayo kwa mdomo wangu mwenyewe, na machozi yakinitoka.

Sasa, kulikuwa na tajiri mmoja aliyekuwa anafungua nyumba mpya ya wageni, na alikuwa ametualika zamani, mimi na mzee, tuwapigie watu wa gesi siku ya ufunguzi. Siku hiyo ikaangukia kesho yake ya hitima. Nilimwendea kumpa habari ya msiba, akanipa pole, kisha akasema bado anautaka ule wimbo wa mzee usio na maneno. "Kama huuwezi sema," akaniambia, "nilete DJ kutoka mjini Pemba, makao ya mkoa." Mimi hasira zangu ziko karibu, na neno DJ linanipandisha mori. Nikasema nauweza. Haikuwa kweli. Wimbo ulikuwa kichwani, vidoleni haukuwepo.

Siku ya pili ya matanga, baada ya alasiri, nilinyanyuka kwenye mkeka wa wanaume nikasema kichwa kinaniuma. Nikaingia kibandani, nikafunga mlango, nikabaki na mwanga wa dirisha. Amplifaya ya marehemu, ambayo hata warithi wake sikuwa nimewauliza, nikaiunga kwenye kisanduku, ile ndogo nikaishusha hadi ikawa kama mbu, na spika nikaitia ndani ya gunia la nguo. Nilishajijengea hoja: kinachokatazwa msibani ni kelele, na hapa kelele hakuna. Kwani nani ataumia? Nikamwomba mke wangu asogee uani asikilize. Akarudi akasema anasikia kisomo tu.

"Haisikiki," akasema. "Lakini mwenzangu, wewe huoni haya?"

Nikamwambia aniache, hajui kazi za watu. Nikaurudia ule wimbo mara kwa mara, mpaka kisanduku kikawa hakishikiki kwa moto. Roho ilikuwa inanisuta, sisemi uongo, lakini vidole vilishaanza kuupata, na ile raha ya kuupata ikanipofusha.

Siku ya tatu, kwenye hitima, nikasikia watu wakiulizana mbona chumba cha kati, walimokaa wanawake, kina kandili tangu jana, na madirisha yamefungwa kwa ajili ya mjane, humo giza tupu mchana kweupe. Mimi nikadhani taa imeungua. Na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba nimepata la kufanya. Nikakimbia dukani nikanunua taa mpya, nikaja nayo mpaka kwenye pazia kama mtu aliyeleta ng'ombe.

"Shikamoo mama. Nimeleta lampada nyingine, anipokee mtu nimwelekeze namna ya kuibadilisha."

Wifi yake mmoja, dada wa marehemu, akachungulia. "Afadhali," akasema. "Ile ya jana ilikuwa inacheza kama ya disko. Inafifia, inawaka, inafifia, inawaka. Tumekaa kwenye kisomo na taa inatupigia ngoma!"

"Energia ya mji huu ndivyo ilivyo," sauti ya mama ikamkata kutoka ndani, "tangu hawa wageni waje."

Wakaitikia wote kwamba ni kweli, wageni wameumaliza umeme. Kisha akasema nami, taratibu.

"Rudi nayo, mwanangu. Lampada haijafa. Nimeizima mimi, macho yalikuwa yananiuma."

Nilibaki nimesimama na ile taa ndani ya boksi lake. Fundi mzima. Kila nilipopiga nyuzi kwa nguvu, amplifaya ilikuwa inavuta umeme, na waya wangu ule mwembamba haukutosha kulisha pande mbili, basi taa ya upande wa pili ikafifia. Kisanduku kilimeza sauti yote, lakini mapigo ya wimbo yalipita kwenye waya yakaenda kuonekana juu ya vichwa vya watu waliokuwa wakimsomea marehemu. Na mama, ambaye aliniomba jambo moja tu, alinyanyuka kwenye mkeka wake akanifichia aibu yangu mbele ya mawifi zake.

Ungetarajia niseme kwamba sikwenda kupiga. Nilikwenda. Nilijiambia nimeshaahidi, na kwamba nikiacha watu watauliza kwa nini, na mambo mengine ambayo mtu hujiambia akiwa anavaa shati. Watu wa gesi walipiga makofi, tajiri akanishika bega. Wakaniita tena, na tena.

Taa ya kwa mama haikuwaka tena. Niliweka waya mwingine mnene, unaotoka moja kwa moja kwenye mita bila kupita kibandani, nikamtuma mke wangu aseme sasa iko salama, haitacheza tena hata nifanye nini. Jibu lililorudi ni ahsante, amezoea kandili. Eda nzima nilikuwa nikitoka kibandani natazama lile dirisha na mwanga wake mdogo wa mafuta ya taa. Nikasema moyoni: amekasirika, na ana haki. Nilingoja siku atakayotoka eda kama mtu anayengoja hukumu.

Alipotoka, wanawake walimwogesha, wakamvisha, wakala wakaondoka. Jioni yake alikuja kibandani kwangu mwenyewe, mara ya kwanza kuingia humo. Nikamwekea kiti. Nikaanza kuomba radhi, naye akayapungia maneno yangu mkono kana kwamba ni nzi.

"Toa hilo sanduku," akasema. "Ndugu zake wameshakwenda kwao. Unga koluna yake kubwa. Nipigie ule wake."

Nikaiunga amplifaya kwenye spika yake yenyewe, nikafungulia. Wimbo nilikuwa nao, nilishaupiga mbele ya wageni mara nyingi. Nilipopita katikati akainua kidole. Nikaacha.

"Hapo alikuwa anasimama," akasema. "Wewe umepita tu."

"Nilidhani ni kifua, mama. Nilidhani anapumua."

"Alikuwa anasimama tangu kijana, hana ugonjwa wowote." Akatazama kisanduku kilichokuwa sakafuni, waya zake zimelegea. "Ulipomletea kitu hiki sikuwa namsikia tena. Yuko kwako mgonjwa, na mimi sijui anaendeleaje. Siku moja nikaona taa ya chumba cha kati inacheza, nikajua ni yeye. Basi kila jioni nilikuwa nageuza kiti pale jikoni niione. Ikicheza, najua mume wangu mzima. Ikifika pale pake pa kusimama, naacha kukoroga mpaka irudi."

Nikalaza gitaa mapajani.

"Siku ile ya pili ya matanga," akaendelea, "tumekaa, watu wanasoma, taa ikaanza kucheza. Wimbo wake. Nikasahau, mwanangu. Nikasahau kabisa kwamba tumeshamzika. Nikawa natazama tu, nangoja isimame pale pake."

Akajifunga khanga vizuri, akanyanyuka.

"Haikusimama," akasema. "Ndipo nikaenda kuizima."