Siku Niliyomuua Baba Mahakamani

Nitasema mapema, kabla hamjaanza kunionea huruma: kosa lilikuwa langu, lote, na hata sasa ninapoliandika katika daftari hili masikio yananiwaka kama nimezabwa kofi. Mimi ni mtu wa haya. Darasani nikijua jibu huliandika kiganjani, likafutika kwa jasho kabla sijanyoosha mkono. Sasa mtu wa namna hiyo akiamua kwenda ofisi ya serikali kumtetea baba yake, nyinyi wenyewe mnaweza kukisia.

Baba yangu ni fundi cherehani, Mikumi wote wanamwita Fundi Yeremia, na mimi wakati huo nilikuwa kidato cha pili Kilosa, nalala bwenini. Jumapili moja akaja shuleni kwa treni (baba, ambaye hasafiri hata kwenda harusini), akanisubiri kwenye ua wa michongoma, na nilipomwambia "Shikamoo baba" akaitika "Marahaba" huku anatazama nyuma yake. Akatoa kopo la tumbaku, na ndani ya kopo mlikuwa na karatasi iliyokunjwa ikakunjika mpaka ikawa kama kidonge.

"Nisomee," akasema. "Polepole, na usipaze sauti."

Mikumi wako watu tele wanaojua kusoma, ila hakutaka wajue. Ilikuwa hati ya kuitwa mahakamani. Mzee Salumu mwenye duka, aliyemkopesha majora ya kaki ya kushonea sare za watoto wa shule, alikuwa amechoka kungoja. Jumatatu ya wiki inayofuata baba afike mahakama ya Kilosa, asipofika cherehani itachukuliwa. Na Salumu hakuwa peke yake. Alikuwepo Mama Zuhura wa kijiji cha Ulaya, huko njia ya Kilosa, aliyelipia nguo za harusi ya binti yake, harusi ikapita, binti akajifungua, nguo bado. Na kulikuwa na dawa ya pamba tuliyokopa ushirika, pamba yenyewe mvua ikaikataa. Baba alikopa hapa kuziba kule, mwisho akawa kama mtu mwenye shuka fupi, akifunika kichwa miguu nje.

"Mtu wa deni akiingia mahakamani hatoki," akaniambia. "Jumatatu mimi nitakuwa Msowero kwa baba yako mdogo. Mama yako asijue."

Akaenda zake. Usingizi wangu nao ukaenda naye. Nilikuwa na rafiki bwenini ambaye baba yake aliaga kwamba anakwenda kwa ndugu yake mara moja kuachia madeni yapoe, na huyo rafiki alikuwa hamkumbuki tena sura. Cherehani ikiondoka tutakula nini sikujua, lakini baba akiondoka, hilo sikuweza hata kuliwaza hadi mwisho.

Nikakumbuka kwamba mwalimu wetu wa siasa aliwahi kutuambia kuwa mdaiwa aliyezidiwa anaweza kuiomba mahakama impangie alipe kidogo kidogo, mradi wadai wake wakae pamoja wakubaliane, kwa sababu sheria ya nchi huru haimvizii mtu kichakani. Basi Alhamisi nikaomba ruhusa ya kwenda mjini kununua sabuni, na miguu ikanipeleka mahakamani. Sabuni sikununua.

Nje ya chumba cha karani palikuwa na benchi lililojaa watu. Sikuwatazama usoni (nikiwa na haya huwa natazama viatu), na kama ningeinua macho kidogo tu ningemwona Mzee Mloka, mtani wa ukoo wetu, aliyekuja kwa kesi yake ya mbuzi. Niliona kandambili za matairi tu, nikapita.

"Karibu mwanangu, sema shida yako," akasema karani.

"Shikamoo. Nimekuja kuuliza... kuhusu mtu anayedaiwa na watu wengi."

"Mtu gani?"

"Baba."

"Yeye mwenyewe yuko wapi?"

Ndiyo hapo. Nyuma ya karani alisimama askari mwenye bunda la funguo kiunoni, na nikaamini kabisa, kama ninavyoamini kwamba kesho kutakucha, kuwa nikisema yuko nyumbani Mikumi yule askari atatoka mlangoni muda huohuo.

"Amefariki," nikasema.

Karani akaweka kalamu chini. "Pole sana, mwanangu." Akalisema kwa upole hata nikaanza kulia, machozi ya kweli, ya woga, na machozi yakazidi kuharibu maana sasa hata askari akavua kofia. "Jina la marehemu?" Na mimi, niliyetoka kumuua mtu bila kupepesa macho, nikashindwa kudanganya jina, kwa kuwa kile kilikuwa kitabu cha serikali! "Yeremia. Fundi cherehani. Wa Mikumi." Akaandika. Kisha akanieleza, taratibu, kwamba deni la marehemu halianzii pale. Wadai wakusanyike msibani, kila mmoja ajitaje mbele ya ndugu, mwenye kusamehe asamehe, mwenye kudai apangiwe, yaandikwe, ndipo karatasi iletwe mahakamani. Nilitaka kumwuliza, je, na mtu aliye hai naye anaweza kufanyiwa hivyo? Sikuthubutu. Nikasema ahsante nikatoka, na pale benchini zile kandambili za matairi hazikuwepo tena.

Mnawajua watani. Mtani hakupi pole, mtani kazi yake ni kufikisha habari ya msiba na kuja kumkejeli maiti mpaka wafiwa wacheke wakiwa na machozi, na akilegea anaona ameuvunjia heshima ukoo. Mzee Mloka aliacha kesi yake ya mbuzi hapohapo, akadandia lori la magogo, na lile lori, baada ya kuharibika njiani siku mbili, likasimama Ulaya kwa Mama Zuhura kabla ya kufika Mikumi kwa Mzee Salumu. Hayo niliyajua baadaye.

Jumamosi shule ilifungwa kwa likizo fupi, nikashuka treni Mikumi na sanduku langu kichwani, najifunza njiani namna ya kumwambia baba asikimbie. Nilipokaribia kijiji kipya tulikohamia nikasikia kilio. Kilio cha msiba, na kinatokea upande wa kwetu.

Wazo la kwanza halikuwa kwamba ni uongo wangu umefika. Wazo la kwanza lilikuwa kwamba Mungu amelitimiza neno langu. Kwamba nimesema amefariki, na amefariki. Nikatembea kama mtu anayetembea ndani ya maji, nikijiambia nikifika kwenye ua nitakuta amekaa kwenye kigoda chake, na nilipofika kigoda kilikuwa kitupu, na meza ya cherehani tupu, kichwa cha cherehani hakipo.

Mama Zuhura alikuwa anajigaragaza mavumbini. Majirani walikuwa wanakuja mbio kutoka shamba la kijiji, majembe mikononi, na mmoja anapiga kelele, "Jamani, si asubuhi tu alituma neno kwamba mgongo unamuuma hawezi kuja kulima!" Na katikati ya uwanja Mzee Mloka, futi ya baba shingoni, anatembea amepinda kama baba anavyotembea, anampima kila mtu kiuno.

"Njoo kesho, mama! Imebaki vifungo tu! Kesho kutwa! Ijumaa!" Watu wanalia na kucheka. "Hata kichwa cha cherehani ameondoka nacho, huko anawapima malaika, nao watatembea uchi mpaka Pasaka!"

Mzee Salumu akainua mkono, watu wakanyamaza. "Ndugu zangu, mimi nilikuwa namdai marehemu," akasema. "Nimemsamehe. Na Mungu naye amsamehe."

"Amina," wakaitika wote.

Hapo mama akafika. Alikuwa wa mwisho kutoka shambani kwa sababu shamba la kijiji liko mbali naye ndiye aliyekuwa mwisho kabisa wa mstari. Aliona umati, akaona futi shingoni mwa Mloka, jembe likamtoka. Sitaki kuiandika ile sauti. Nilifungua kinywa niseme ni mimi, mama, ni mimi niliyesema, lakini nikasimama tu na sanduku kichwani kama mlingoti.

Ni baba aliyeshindwa kuvumilia. Gunia la mlango wa choo likasukumwa, akatoka, utando wa buibui kichwani na kichwa cha cherehani begani (aliwaona wadai wake wakija kwa mstari, akadhani wamefuata cherehani, akaing'oa mezani akakimbilia chooni, akakaa humo anasikiliza matanga yake mwenyewe asielewe kitu).

"Mama Esta, nyamaza," akamwambia mama. "Mimi hapa."

Msiba wote ukatawanyika. Mama Zuhura aliruka ua wa minyaa ambao hata mbuzi wetu haujaribu. Mloka peke yake hakukimbia, akamnyooshea baba kidole: "Rudi ulikotoka! Hatujala wali bado!"

Waliporudi mmoja mmoja, wakamshika baba mikono wakaona ina joto, balozi wetu wa nyumba kumi akauliza nani aliyeleta habari. "Nimesikia kwa masikio yangu, mahakamani," akasema Mloka, "na aliyesema ni huyu." Macho yote yakaniangukia. Mimi niliyekuwa siwezi kujibu swali la hesabu mbele ya wasichana wenzangu, nikasema mbele ya kijiji kizima kwamba nimemuua baba kwa sababu niliogopa askari asije akamchukua.

Baba akamgeukia mwenye duka. "Mzee Salumu, nimekusikia ukinisamehe."

"Nilimsamehe maiti!" Salumu akafoka. "Fundi sijamsamehe!"

Watu wakaangua kicheko, wengine wakaanza kubishana kama msamaha unarudishwa, na mimi nikaona wanataka kutawanyika, na Jumatatu iko palepale, na Msowero iko palepale. Sijui nguvu niliipata wapi. Nikasema, kwa sauti ya panya, kwamba karani amesema wadai wakikaa pamoja wakakubaliana, yaandikwe.

"Wadai si ndio hawa?" akasema balozi. "Kaeni chini. Na wewe uliyetuita, andika."

Nikaandika, nyuma ya daftari langu la aljebra. Mzee Salumu akakubali, baada ya maneno mengi, kwamba baba ashone kwenye baraza la duka lake mpaka deni la majora liishe. Mama Zuhura (amerudi, kanga imechanika kwenye minyaa) akataka nguo za harusi zigeuzwe za mjukuu wake, na kabla ya kitu kingine chochote. Ya ushirika balozi akasema atakwenda mwenyewe kuzungumza na katibu. Cherehani haitoki. Wakatia vidole gumba kwa wino wa kalamu yangu. Mloka akadai jogoo kwa ajili ya machozi aliyoyapoteza bure, akapewa, maana mtani hanyimwi.

Watu walipoondoka baba alinigeukia. Nilingoja fimbo.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Hakuniuliza, baba."

Akatikisa kichwa. "Ungesema mgongo."

Mama hakucheka. Alikuwa anaokota majembe ya watu yaliyoachwa uani, akasema bila kunigeukia, "Mjane nilikuwa mimi, si wewe."

Jumatatu baba hakwenda Msowero. Tulikwenda Kilosa, yeye na mimi, na karani alipofungua kitabu chake akaniona, akaanza tena pole zake. Halafu akamtazama baba. "Na huyu mzee ni nani?"

Baba akanisukuma bega. Benchi lote linasikiliza, na askari wa funguo yuko palepale.

"Ni yule marehemu," nikasema.

Walicheka mpaka hakimu akatoka ndani kuuliza kuna nini. Lakini aliisoma karatasi ya aljebra, akaigeuza, akaigonga muhuri, na baba akatoka mle ndani kwa mlango uleule aliouingilia.

Tangu hapo mtu akiniuliza wa kwetu yuko wapi nasema yupo, mzima, nasema kwa sauti hadi jirani asikie, hata kama aliyeuliza ana funguo kiunoni. Sababu si kicheko cha benchini, kile nimekizoea. Ni kwamba mpaka leo mama akimwita baba, asipoitika mara ya kwanza, huacha chungu motoni akaenda kumtazama.