Nilivyonunua jakuzi iliyotumika kule Salamabila, na imbwa ilikuwa imezalia ndani yake

Wakuu, na ninyi wajukuu munaosoma humu kimya kimya, salamu zenu kutoka Kasongo.

Ninaandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kwenye simu. Shule nilifika la pili tu. Nikikosa herufi, mupite. Jambo lenyewe ni la kweli, na walioliona wote wako hai. Imbwa tu ndiyo sijui.

Niwataje kwanza waliokuwepo, musije mukachanganya watu.

Niko mimi, Mama Assumani. Assumani mwenyewe, mutoto wangu wa kwanza, anauza vitenge sokoni. Mwamini, binti yangu, yeye hakusafiri lakini habari hii ni yake. Salima binti Juma, muke mwenzangu. Muzee wetu alikufa zamani, sisi tukabaki nyumba moja, na hatugombani isipokuwa juu ya chumvi. Ramazani, dereva wa kamio, yaani lori, mutoto wa marehemu Feruzi aliyekuwa akishona kofia. Na Papa Mulamba, mutu wa Lusangi, ndiye aliyekuwa anauza.

Sasa sikieni.

Mwamini alipigwa na ugonjwa upande wa kushoto. Mukono haushiki, muguu unaburuzwa. Huyu ni mama aliyekuwa anachoma mikate ya nusu ya muji huu. Tangu hapo tukawa tunamuogesha sisi, mimi na Salima, juu ya kibao, kwa ndoo na kikombe. Mumoja anamushika, mwingine anamwaga.

Ikafika asubuhi moja akakataa. Akafunga mudomo, akashika ukuta kwa ule mukono muzima. Nikamuuliza ni maji yamekuwa baridi?

Akasema: "Mama, hivi ndivyo wanavyoosha maiti. Munanigeuza huku, munanigeuza kule. Mimi bado sijakufa."

Wakuu, mimi nimeosha maiti wengi katika muji huu. Najua alichosema. Salima aliweka kikombe chini akatoka nje.

Akakaa bila kuoga, na hata chakula akaanza kukisukuma.

Ndipo Ramazani akatuletea habari. Kule Salamabila kuna mutu alibaki na jakuzi ya wazungu waliokuwa kambini kwenye mugodi. Kwa wasioijua, ni beseni kubwa la kukaa ndani, maji yanafika kifuani. Nikawaza, mutu akikaa ndani ya maji mwili unakuwa mwepesi. Sisi tulijifunza hivyo mutoni tangu utoto. Kwa wepesi ule, mukono mumoja unaweza kutosha.

Nikasema nitainunua.

Mutaa muzima ukanicheka. Mama Zaina wa ng'ambo ya njia akauliza kama nafungua hoteli. Assumani akasema umeme utatoka wapi, ile kitu inaenda na moteri. Nikamuambia moteri ni ya kupiga povu, na mimi sitaki povu. Maji ya moto tunapika kwa kuni ndani ya mapipa, kama tunavyopika harusini. Au harusi yako ilipikwa kwa umeme?

Akasema basi na yeye atakuja, macho yake yaone. Nilijua anakuja kunizuia. Mutoto wangu, namjua.

Tukapanda kamio ya Ramazani. Barabara sielezi, wenye kuipita wanaijua na wasioipita hawatasadiki.

Tukafika kwa Papa Mulamba. Beseni iko nyuma ya nyumba, chini ya bati. Nyeupe, inang'aa. Na ndani yake imelala imbwa na watoto wake, juu ya gunia.

Assumani akashika kofia yake. Nikaona uso wake umefurahi, ingawa alijaribu kuuficha. Akasema: "Mama, imekwisha. Imbwa imezalia humo. Hii ni najisi, twende nyumbani."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya ndugu zetu wasio waislamu. Kwetu chombo kilichoguswa na imbwa kwa majimaji yake hakitupwi. Kinaoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo. Mwalimu wetu wa chuoni, Mwalimu Saidi, alitufundisha tukiwa na meno ya maziwa. Assumani pia alifundishwa, na huyo huyo. Alitaka tu kusahau siku ile.

Nikamuambia Papa Mulamba atoe imbwa yake taratibu, anipe maji na udongo. Nitaiosha hapa hapa, kabla ya kulipa. Siwezi kupakia najisi kwenye kamio ya mutoto wa Feruzi, ambamo watu wanaweka muhogo wao.

Papa Mulamba hakupenda. Akasema nilipe, nikaioshe kwetu hata mara mia. "Mama mukubwa, mimi nauza beseni, siuzi muskiti."

Nikamujibu: "Na mimi nanunua beseni, sinunui imbwa. Lete udongo."

Akaleta. Ramazani na Assumani wakaipandisha juu ya magogo mawili, maji yapate pa kutokea. Mashimo ya moteri tukayaziba kwa vijiti na mupira wa gurudumu. Nikaanza na udongo, ule mwekundu wa Salamabila, nikaukoroga na maji humo ndani mpaka ukawa kama uji. Nikasugua kila pembe. Magoti yananiuma, Assumani anatazama miti.

Kisha nikainama kuangalia chini.

Tumbo la beseni lilikuwa jeupe kabisa, isipokuwa musitari mumoja mwekundu. Mwembamba kama unywele, unatoka pembeni mpaka katikati, na matone yanaanguka. Udongo ulikuwa umepita ndani ya ufa. Maji matupu yangejificha, lakini udongo ulichora.

Nikamuita Papa Mulamba ainame na yeye. Akainama. Akasema hakujua. Labda. Mimi nilikwaruza kwa ukucha, na rangi ile nyeupe ilikuwa mupya kuliko beseni.

Assumani akaniambia kwa sauti ya chini: "Umeona sasa, Mama? Twende."

Nikamuambia: "Nimeona. Ndiyo maana sasa naweza kuinunua."

Maana kitu kikuukuu lazima kiko na kasoro, wakuu. Ninayoiona ninaiziba. Ile nisiyoiona ndiyo ingenipasukia na binti yangu akiwa ndani.

Nikakataa kulipa mpaka izibwe mbele yangu. Akaitwa muziba bidoni wa sokoni pale, yule wa madumu ya plastiki, jina lake Kasimu. Akachoma kisu motoni, akayeyusha vipande vya bidoni juu ya ufa, akalainisha. Tukamalizia mara sita zilizobaki kwa maji safi, na chini kukabaki kukavu. Papa Mulamba kwa kuona haya akashusha bei bila kuombwa. Bei yenyewe siiweki hapa, musijisumbue kuniuliza.

Nyumbani tukaizungushia bati na mikeka. Mama Zaina akaja kutazama hoteli. Nikamupa ndoo akachote maji, na alichota.

Maji tuliyapima kwa kiwiko, kisha kwa mukono muzima wa Mwamini, kwa sababu ule mugonjwa hausikii moto, ungeweza kuungua bila kusema. Tukajaza mpaka nusu tu. Tukamushusha ndani ya kitenge, mimi kichwani, Salima miguuni.

Akakaa. Maji yakamubeba. Ule muguu unaoburuzwa ukapanda wenyewe kidogo, akautazama kama wa mutu mwingine.

Salima akachukua sabuni amuoshe. Mwamini akamunyang'anya.

Akasema: "Tokeni. Wote wawili."

Tukatoka. Tukasimama nje ya mukeka kama walinzi, tunasikia maji tu, na yeye akijisemea maneno yake.

Assumani akapita kutoka sokoni. Akaniona mimi nje, akamuona Salima nje, akaogopa. Akauliza: "Nani yuko na Mwamini humo ndani?"

Nikamuambia: "Hakuna mutu. Anaoga."

Akakaa chini kwenye jiwe, na yeye akasikiliza.

Kwa hiyo wakuu, funzo langu ni hili. Mukitaka kununua kitu kikuukuu, kiosheni kabla ya kulipa, na kwa udongo. Mwenye kuuza akikataa, ondokeni. Na wanaosema kitu fulani si cha watu kama sisi, wapeni ndoo.

Wanaotaka kunicheka, uwanja ni wenu. Ila ninyi wa Salamabila na Lusangi, nisaidieni: yule muziba bidoni ni Kasimu kweli, au Kasimu ni ndugu yake? Majina huwa sisahau, lakini siku ile macho yangu yalikuwa kwenye ufa. Nikimukosea, munisahihishe.