Pikapu ni Yangu, Anajibiwa Mume Wangu

Leo nimeiacha pikapu niliyoitamani mwaka mzima, na sijutii!

Natafuta ya kuvuta trela yangu ya kuuzia chakula kwenye theluji ya huku ughaibuni, kutoka kitongoji cha Norsborg hadi Skärholmen.

Nikamuuliza muuzaji wa magari, "Inavuta uzito gani?"
Akamgeukia mume wangu, Baba Amani, akamjibu yeye.

Nikauliza, "Na kwenye barafu haitelezi?"
Akamjibu Baba Amani tena. Halafu akampa yeye funguo aijaribu!

Baba Amani akacheka. "Bwana, mimi sina hata leseni. Dereva ni huyu mke wangu."

Jamani, uso ulimwiva muuzaji!

Akaninyooshea funguo, tabasamu hadi masikioni.
Nikamwambia, "Asante. Nitanunua kwa atakayenijibu mimi."

Tukarudi zetu kwa treni.

Theluji inazidi, najua. Wateja wangu watanisubiri kidogo.

Ama nyinyi mngenyamaza?