Kiti cha Mama Mkwe Kilikuwa na Mpangaji

Wacheni niseme mwenyewe, kwa sababu huko sokoni Kibuye wameongeza chumvi mpaka hadithi imekuwa dagaa omena: ni kweli, nilimpiga mama mkwe kofi ya kichwa, mbele ya wazee, siku ile nilienda kwao kujitambulisha. Sasa mmejua. Chekeni mmalize.

Mimi ni fundi wa viti (shule niliiona nikipita barabarani, lakini mbao tunaelewana). Akinyi wangu aliniambia, "Ukikuja kwetu Kisian, mletee mama kiti, ajue nimepata fundi." Nikapata gogo ya jakaranda karibu bure, ilikuwa imelala na maganda yake miezi mingi, nikapasua, na ndani nikakuta mitaro kama ya panya, unga ya mbao, na funza moja mnene kama mkono wangu (sawa, kama kidole), amekufa, amekauka kama kijiti, ukungu nyeupe mwili mzima utadhani amebingirishwa kwa unga wa ugali.

Mzee Ouma, fundi tunayefanya kazi naye bega kwa bega, akainama akaangalia.

"Huyu ameuawa na ugonjwa. Hiyo ukungu huingilia ngozi, inamla kutoka ndani. Lakini wenzake wako wazima. Mama yao hutaga kwa nyufa za maganda, watoto wanakula mti mwaka mzima, hata miwili, ndio watoke wamegeuka mdudu mzima wa mapembe marefu. Kausha mbao kwanza, upake dawa."

"Mzee, ugonjwa si huambukiza? Ukoo mzima imekwisha! Hapa naona matanga tu."

"Omera, ndugu yangu, hao hawalali kitanda moja. Kila mtu na shimo yake."

Nikamwona mzee ana wivu. Nikaunda kiti hivyo hivyo, bila kukausha, bila dawa, nikapaka vanishi mara tatu, kiti ikang'aa mpaka unaweza kunyolea ndevu hapo.

Siku ikafika. Mama mkwe akakalia kiti yangu kama malkia, mimi nikawekwa kando yake kwa stuli, macho chini, kwa sababu kwetu mama mkwe hata kumwangalia usoni ni shida, sembuse kumgusa, na hapo ndio ingeamuliwa kama Akinyi ni wangu au nirudi kwangu Migosi kupika peke yangu mpaka nife. Maombi ya chakula yakaanza. Macho yote yakafungwa. Halafu chini ya mama mkwe: krrr. Krrr. Krrrrr.

Mjomba mmoja akafungua jicho. "Mpatieni mama chakula, tumbo inalia."

"Si mimi!" mama mkwe akasema, uso umebadilika.

Mimi pekee nilijua. Jasho ilinitoka ningeweza kufua nayo shati. Nikaona vanishi ya mgongo wa kiti inapasuka, unga kidogo inamwagika, halafu kichwa ikatoka, halafu pembe, yawa, jamani, hizo pembe zilipita mwili (naapa moja iligusa mlango), na huyo mdudu bila hodi akapanda kwa kitambaa cha kichwa cha mama mkwe, anaelekea sikio.

Kusema naye siwezi. Kunyamaza pia siwezi. Mkono ikajiamulia: PAA!

Kitambaa ikaruka, mvi zote nje. Mdudu nimemshika, mzima kabisa, analia "kwi, kwi, kwi" kama mtoto amenyimwa mandazi. Mjomba alikuwa ameshachukua paja ya kuku, ikabaki hewani. Akinyi akafunika uso.

Mama mkwe na dada yake wakatoka nje. Nilikaa hapo nikihesabu vigae vya sakafu, mdudu bado mkononi maana nitamweka wapi? Yule dada yake akarudi peke yake.

"Dada yangu anasema hivi: huo mkono ni mbaya, lakini ulikuwa unamtetea. Msichana utapewa."

Nikataka kupiga magoti.

"Ngoja. Kiti urudi nayo, yeye hakai na wapangaji. Na kitanda ya ndoa ya Akinyi usitengeneze, usiguse hata msumari. Sisi tutamnunulia ya chuma."

Nikabeba kiti kwa kichwa mpaka barabarani, Kisian yote ikiangalia. Kesho yake Mzee Ouma akaniuliza tu, "Matanga ilikuwa aje?"

Siku hizi mbao yoyote naiwekea sikio kwanza kama daktari, nakausha, napaka dawa, ndio nashika msumeno. Lakini nimeshachelewa. Mimi, fundi wa mbao wa Kibuye nzima, nalala kwa kitanda ya chuma.