Saa Kumi ya Serikali

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akilinda mpunga juu ya dungu, kile kichanja cha miti katikati ya shamba. Kutwa anagonga kopo na kuwatukana ndege, tena matusi ya nguoni, Mungu amsamehe. Jua likizama ndege wanakwenda kulala, naye anashuka. Hakuna aliyemwambia shuka. Mpaka leo nikisikia kopo linagongwa natamani ubwabwa.

Nimemkumbuka kwa sababu ya mtani wangu mmoja, Mmatumbi wa milimani, Mkatoliki, niliyebangua naye korosho kwenye kiwanda huku kwetu. Naye alikuwa na dungu lake. Mihogo yake ilikuwa ikiliwa na nguruwe pori, na nguruwe huja giza likiingia. Asipowahi, wanawe watakula nini? Na sisi tulikuwa tunatoka kazini usiku umeshaingia.

Basi akaja afisa wa kazi, kijana mpole, akatusomea sheria. Kazi mwisho saa kumi. Kuzidisha ni kwa makubaliano, tena kwa malipo. Akapanda gari akaenda zake Mingoyo. Mtani alifurahi mpaka akanikumbatia, na yale mafuta ya maganda yanayounguza ngozi bado yako mikononi mwake.

Lakini debe la korosho la kila mtu kwa siku halikupunguzwa. Lile tulilolijaza mpaka usiku ndilo hilo hilo, na asiyelijaza hana ujira wa siku. Saa kumi king'ora kinalia, tunakwenda kuswali alasiri msikiti wa jirani. Tukirudi, mnyapara yuko getini: "Mmekubali?" Tunajibu tumekubali. Tunaingia. Hapo nani kavunja sheria?

Mtani alikuwa akifuatana nasi, anatulindia kandambili barazani. Tukamwita imamu wa viatu, anacheka. Siku moja hakucheka. Akaniambia nguruwe wamebakiza matuta machache. Nikamwambia vumilia, bwana.

"Mtani," akasema, "serikali imekupa jioni yako. Unairudisha ya nini?"

Nikamwambia swala inanipita, nikaingia ndani.

Tulipotoka, kandambili zilikuwa zimepangwa safu moja, zote zimeelekezwa njia ya mashambani. Siku zote alizielekeza kiwandani. Yeye tulimwona kwa mbali, anakwenda mwendo wake wa kawaida. Nikamwita mara moja, hakugeuka.

Nikazigeuza zangu kuelekea getini, nikavaa. Mnyapara akauliza, tukakubali.

Mtani hakurudi tena.