Baba Alikuwa Mpishi wa Jeshi

Baba alipofariki mwaka jana, kamati ya mazishi ilikutana nyumbani kwetu Kola, chini ya turubai lililofungwa kati ya tangi la maji na ukuta wa jikoni. Mwenyekiti alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, mwalimu mkuu mstaafu ambaye mpaka leo hatoki nyumbani bila kalamu nyekundu mfukoni. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hivyo nilipewa kazi ya kuandika wasifu na kuusoma siku ya mazishi. Niliuandika asubuhi moja nikampelekea. Alisoma mpaka sentensi ya nne, akatoa kalamu.

Sentensi yenyewe ilisema: "Alilitumikia jeshi kwa miaka ishirini na miwili akiwa mpishi."

"Hii tutoe," alisema. "Andika alilinda mipaka ya nchi. Hiyo inatosha."

"Lakini alikuwa mpishi, baba mkubwa."

"Najua alikuwa nini. Siku hiyo chifu atakuja, watu wa kanisa, wanajeshi wenzake, watu wa Nairobi. Hatuwezi simama mbele yao tuseme tunazika mtu wa sufuria. Sisi tuko na shujaa hapa."

Akaikata kwa mistari miwili. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu kwetu anajua, lakini siku hiyo nilimeza maneno. Sikunyamaza kwa heshima peke yake. Nilinyamaza kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kumkana baba kwa jambo hilo hilo.

Baba alistaafu nikiwa darasa la sita. Kabla ya hapo tulimjua kama mtu wa likizo, anayekuja na begi zito na kuondoka kabla hatujamzoea. Wiki ya kwanza ya kustaafu alimwondoa Mwaitu jikoni (Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama), akatangaza kwamba kuanzia leo yeye ndiye yuko zamu. Akaenda kuazima kanisani ile sufuria ya kupikia harusi, akachemsha mahindi na maharagwe. Tulikula siku tatu. Siku ya nne tukagawia majirani, na siku ya tano ng'ombe naye akaonja. Mtu aliyezoea kupikia watu mia mbili hajui watu saba wanakula kiasi gani, na ilimchukua karibu mwezi mzima kujifunza.

Kabla ya kula tulipanga mstari mlangoni, mikono mbele, akague kucha. Mwenye kucha chafu alirudishwa bombani, hata kama ni mgeni. Kisha alipakua: kitinda mimba kwanza, halafu sisi wengine kwa umri, halafu Mwaitu. Yeye alikula mwisho, akikwangua kilichobaki. Kwa wenzetu pale kijijini sahani ya baba ndiyo hutangulia, tena na mnofu juu, kwa hivyo majirani walishindwa kumwelewa. Walisema amekaliwa chapati, yaani mke ndiye anayemtawala. Alipoyasikia alicheka mpaka akakohoa. "Chapati napika mwenyewe," alisema. "Huyu mama atanikalia aje?" Kuhusu kula mwisho hakuwa na utani. Alituambia kwamba jeshini, mpishi anayejipakulia kwanza ni mwizi, basi.

Mwaitu alipofanyiwa upasuaji wa mgongo, alikatazwa kuinama kwa miezi kadhaa. Baba alimwogesha, akamsuka nywele vibaya sana, akamfulia. Mwaitu alipotamani muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyokobolewa, baba hakutafuta mwanamke wa kumtwangia. Alitoa kinu nje, pale pale karibu na njia ya kwenda sokoni, akavaa aproni yake ya kambini, akaanza kukoboa mahindi kwa mchi huku akipiga mluzi wa gwaride. Akina mama walisimama na mizigo yao kumcheka. Wiki iliyofuata wawili kati yao walirudi kumwuliza anafanyaje mpaka mahindi yanakuwa meupe hivyo. Aliwafundisha bila kuringa. Mimi ningeringa.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Nikiwa kidato cha pili katika shule ya bweni, niliwaambia wasichana wenzangu kwamba baba alikuwa kamanda wa vifaru. Sijui vifaru nilivitoa wapi. Siku ya wazazi ikafika, na baba akaja na bereti yake imekaa sawasawa, viatu viking'aa, amebeba sufuria ya pilau iliyofungwa ndani ya blanketi isipoe. Tuliketi kwenye nyasi, wasichana wakatuzunguka. Mmoja akamwuliza ameua maadui wangapi.

"Mimi?" baba akasema. "Sijaua mtu, mwanangu. Mimi nilikuwa mpishi. Kuja ule."

Wote wakanigeukia. Nami nikasema haraka, "Anatania. Baba hupenda utani."

Baba alinitazama. Haikuchukua muda mrefu. Kisha akafungua blanketi na kusema kwa upole, "Ndiyo. Natania." Akaanza kuwapakulia wasichana, mmoja mmoja, nami wa mwisho. Hakuwahi kunikumbusha siku ile, wala mimi sikuwahi kuomba msamaha. Niliendelea na masomo, nikapata kazi, nikahamia Syokimau, na kila nilipokuja nyumbani nilijiambia nitamwambia kesho.

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya jeneza na ile karatasi yenye mistari miwili myekundu. Baba mkubwa alikaa mstari wa mbele na suti yake ya kahawia. Nilisoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijua nikiruka ya nne, nitakuwa nimemkana mara ya pili, na safari hii hatakuwepo wa kunisitiri.

Niliisoma yote. Miaka ishirini na miwili, mpishi. Nyuma kabisa mtu alicheka. Nikaongeza ambayo hayakuandikwa: kwamba niliwahi kumwonea aibu mbele ya wenzangu, na kwamba leo, mbele yao wote, mimi ni binti wa mpishi na sina baba mwingine ninayemtaka. Wazee watano waliokuwa naye jeshini wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Na alikuwa anapika huyo mtu! Muulize mtu yeyote!" Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimebadilika.

Tulipokwisha kuweka mashada, baba mkubwa akanijia. Nikajiandaa kwa vita.

"Hiyo sentensi nilitoa," alisema.

"Ndiyo, baba mkubwa. Niliirudisha."

Alitazama udongo. "Ule mwaka wa kiangazi kikali, baba yako ameshastaafu, nilikuwa mwalimu mkuu. Kila mtu hapa ananiita mheshimiwa, na kwangu hakuna kitu. Watoto wanalala njaa. Ndugu yangu mdogo akawa anatuletea chakula kila jioni, amekifunika, anapitia nyuma ya zizi ndio watu wasijue. Miezi minne. Hajawahi niambia neno, hata tukikosana." Akavuta pumzi. "Si yeye nilikuwa naonea aibu, mwanangu."

"Hata sisi hakutuambia," nikasema.

"Najua," akajibu, kisha akalia, mchana kweupe, mbele ya chifu na wanafunzi wake wa zamani. Nilimshika mkono. Nilimwambia kwamba namwelewa, huku nimejaa fahari ya kuwa mtoto wa mtu yule.